Pingamizi Lililochelewa Miaka Tisa

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
S.L.P. 418.

9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu za kaka yako wa kati, yule uliyempa jina la Kasuku kabla hujajua hata kujifunga viatu. Mwandiko umeutambua tangu juu ya bahasha, najua, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna mwingine anayeandika kama kuku aliyekanyaga wino. Ikiwa umeutambua na bado umefungua, ahsante. Ikiwa umefungua kwa bahati mbaya ukidhani ni barua ya Mama, basi nakuomba kiti dakika chache tu.

Hujambo lakini? Shemeji yangu hajambo, huyo ambaye sijawahi kumpa mkono? Watoto wanakua? Habari zenu hunifikia kupitia kwa Mama, na Mama unamjua, hukupa habari kama mtu anayegawa sukari wakati wa uhaba: kijiko kimoja, na hicho nacho hakijai. Nilisikia wa kwanza ameanza shule. Nilisikia pia mlihama nyumba. Zaidi ya hapo nikiuliza naambiwa, "Si umpigie mwenyewe?" huku akijua fika kwamba simu yangu huipokei.

Sisi huku hatujambo kwa kiasi cha umri. Tumbo langu limetangulia, mimi nafuata nyuma yake. Macho nayo yamedhoofika. Asubuhi nzima naweza kutafuta miwani ambayo ninayo usoni, na wifi yako hunitazama tu akimenya viazi, haniambii kitu, anasema ndiyo sinema yake. Mama yupo. Goti la kushoto linamsumbua wakati wa baridi, lakini mdomo hauna baridi wala joto. Mwanangu wa kwanza ameoa mwaka jana. Aliweka kiti cha shangazi yake mstari wa mbele, hakukikalia mtu.

Nimeona bora niandike kuliko kuendelea kukupigia. Simu unaweza kuikata, barua unaweza kuiweka chini, ukachemsha maji, ukairudia hasira ikishuka.

Mimi bado nipo kulekule ofisi ya kamusi, chumba cha juu ya duka la rangi. Harufu hupanda kwetu kutwa nzima, na ikifika saa nane kila mtu anacheka bila sababu au anaumwa kichwa. Kazi ni ileile: kuchukua maneno ya Kiingereza, moja baada ya jingine, na kuyatafutia wenzao wa Kiswahili. Miaka kumi sasa, tumefika herufi ya O. Kwa mwendo huu, siku tutakayomaliza Z watu watakuwa wanazungumza lugha nyingine kabisa.

Mkubwa wetu ni mama mmoja mfupi, mkali, tunamwita Bibi Nukta, kwa sababu akishasema, sentensi imekwisha. Ana sheria mbili. Ya kwanza: mfano wa matumizi hautungwi kichwani. Lazima mtu awe ameusema kweli, nawe umeusikia kwa masikio yako, kisha uujazie kadi: nani alisema, wapi, lini. "Kamusi haitungwi," hutuambia, "kamusi huokotwa." Ya pili ni ya Alhamisi. Siku hiyo tunakaa kuizunguka meza moja, kila mtu anasoma alichoandika, na asiyekubali anagonga meza kwa kidole. Hapandishi sauti, hatoi hotuba, anagonga tu. Pakipita kimya cha kuvuta pumzi tatu bila mgongo wa kidole kusikika, neno limepita. Nimegonga meza ile mpaka kidole kimeota sugu. Ofisini mimi ni hodari wa kupinga, Kitinda. Ungeniona usingeamini.

Mwezi wa Machi nikaangukiwa na kitenzi "oppose". Ni neno dogo kwao, linakaa peke yake kama mseja. Likivuka kuja kwetu linakuta ukoo mzima umekaa unalisubiri.

Nikaanza kuwapanga kama watu wa nyumba moja. Yupo kubisha, mtoto mtundu, anayetaka maneno tu. Ni wewe ukiwa na miaka saba, unaambiwa jua limeshazama, wewe unabisha na giza linakuziba macho. Yupo kukataa, ambaye lazima kwanza apewe kitu ndipo akisukume. Yupo kukaidi, mwenye harufu ya fimbo, maana hilo husemwa na mkubwa juu ya mdogo. Sijasikia baba aliyemkaidi mwanawe. Kugoma ni wa mikono, huikunja akakaa. Kukana ni yule anayeapa kwamba hajui, hajaona, hakuwepo. Kuzuia anahitaji misuli. Na mwisho yupo kupinga.

Huyu alinichukua wiki mbili. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Unaweza kukataa jambo kimoyomoyo na usoni ukatabasamu. Unaweza kukaidi umelala kitandani na shuka umejifunika. Lakini kupinga kimoyomoyo hakupo. Anayepinga husimama pale jambo linapopita, akasema hapana, na watu wakauona uso wake. Niliyaandika maelezo hayo kwa fahari kabisa. Chini yake nikaweka mifano mitatu, nikaenda nayo Alhamisi nikiwa nimechana nywele.

Mfano wa kwanza nikasoma: Aliulizwa mara tatu kama anapinga, akanyamaza. Wa pili: Kaka anaujua ukweli lakini hapingi. Wa tatu: Walicheka wote, hakuna aliyepinga.

Meza ikagongwa. Bibi Nukta.

"Kadi ziko wapi?"

"Nitajaza."

"Hii ya kwanza umeiokota wapi?"

"Nyumbani, zamani kidogo."

"Nani aliisema?"

Hakuna mtu aliyezisema sentensi zile. Zilikuwa zimetoka kwangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, na mimi sikuona zilikotoka mpaka nilipoulizwa. Dada anayetuchapia kwenye kompyuta akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Mzee, leo umetuletea kamusi au umetuletea kesi?" Chumba kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, tena kuwashinda, ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Bibi Nukta hakucheka. Alinisukumia kadi tatu tupu juu ya meza. "Kajaze," akasema.

Nilizitia mfuko wa shati. Wifi yako akazifua mara moja, nikachukua nyingine. Wiki nyingi nilitembea nazo, na kila nilipoinama kufunga viatu zilinichoma kifuani. Nani, wapi, lini. Majibu yote nilikuwa nayo.

Basi nakujazia wewe, mdogo wangu, kwa kuwa wewe ndiye mwenye haki ya kwanza.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi mmoja kabla Baba hajatutoka. Nilikuwa namnyoa ndevu uani, amekaa kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa waya. Wewe ulikuwa chumba cha nyuma unashona sare za shule, na mlio wa cherehani ulitufikia pale nje, unakwenda, unasita, unakwenda. Baba akanishika mkono wenye wembe. Akasema, "Unamsikia? Miaka sita yote hii ya ugonjwa ni yeye aliyenipa. Vyumba viwili vya nyuma ni vyake, ashonee humo mpaka achoke mwenyewe. Nyumba ya mbele ni ya mkubwa wako, hilo nimekwisha mwambia. Hili la nyuma nakukabidhi wewe uje uliseme, maana wewe ndiye mwenye mdomo."

Ndiyo maneno yake. Sijayapunguza, sijayaongeza. Unajua Baba alivyokuwa, kila mtu alimpa kipande chake cha habari akamwachia abebe. Nawe alikwambia tu, "Mambo yako yako kwa Kasuku." Kwa hiyo ulijua kwamba najua.

Wiki ya tatu baada ya maziko tukakaa sebuleni. Baba Mdogo alikuwa kwenye kiti kikubwa, Mama kwenye mkeka na kina mama wenzake, Kaka Mkubwa amesimama karibu na dirisha. Kaka akasema alichokuwa anakijua: kwamba nyumba ameachiwa yeye, kwamba vyumba vya nyuma atavifanya stoo ya saruji na mabati ya kazi yake ya ujenzi, na kwamba wewe bado kijana, utapewa muda ujitafutie pa kwenda. Baba Mdogo akauliza kama yupo mwenye kupinga. Akauliza tena. Hapo ukainua kichwa ukanitazama. Hukumtazama Kaka wala Baba Mdogo. Ulinitazama mimi, kwa sababu mtu hawi shahidi wa nafsi yake, na shahidi wako alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwako anachezea kitasa cha mlango.

Akauliza mara ya tatu. Ndipo kuku wa jirani akaingia, akasimama katikati ya sebule, akapiga kelele zake. Nami nikasema, "Baba Mdogo, andika: kuku anapinga."

Unakumbuka walivyocheka. Watu walikuwa wamelia wiki tatu, walikuwa na kiu ya kucheka, wakacheka mpaka Baba Mdogo akajifuta machozi kwa kofia. Kikao kikafungwa hapohapo. Wewe ulisimama, ukamswaga yule kuku taratibu mpaka nje, na sebuleni hukurudi tena. Siku ya nane ukaondoka na begi moja.

Nimejitafutia sababu miaka mingi, Kitinda, na zote nimezigongea meza. Sikumwogopa Kaka, angenifanya nini, aninyime saruji? Nilichokiogopa ni ule ukimya ambao ungeingia sebuleni baada ya mimi kusema. Wapo watu wanaoogopa nyoka, mimi naogopa ugomvi wa ndani ya nyumba. Mtu wa namna yangu akiona watu wanataka kukasirikiana, mdomo wake unatoa mzaha wenyewe, kama pua inavyopiga chafya. Nikajiambia nitamweleza Kaka kesho, tukiwa wawili, bila aibu ya watu. Kesho yake hakuwepo. Keshokutwa alikuwa amechoka. Wewe ulipokwisha ondoka nikajiambia, sasa ya nini tena? Ndiyo hiyo kesho yangu. Imechukua miaka tisa.

Sasa sikiliza la juzi.

Kaka Mkubwa anataka kuuza nyumba. Mgongo umemshinda, kazi ya ujenzi ameiacha, anataka kuhamia karibu na watoto wake. Mama angekuja kukaa kwangu. Mnunuzi amepatikana, mtu mpole, mwenye duka la vioo. Kikao kikaitishwa Jumapili ya wiki mbili zilizopita, sebule ileile, na Baba Mdogo kwenye kiti kilekile, ila siku hizi sikio la kulia limekufa na la kushoto linachagua. Mimi nilifika na kadi zangu mfukoni.

Yakasemwa ya kusemwa. Baba Mdogo akakohoa, akauliza, "Yupo mwenye kupinga?"

Mkono wangu ukagonga meza.

Naapa sikuutuma. Ni mazoea ya Alhamisi. Kikombe kikaruka, na mke wa Kaka, ambaye hajawahi kufanya kazi kwenye ofisi ya kamusi, akasema, "Ngoja shemeji, inakuja," akanimiminia chai. Baba Mdogo akauliza mara ya pili. Nikagonga tena. Mke wa Kaka akaongeza sukari.

"Huyu naye!" Baba Mdogo akasema. "Chai ya ngapi hiyo?"

Wakaanza kucheka. Nikakitambua kicheko kile, Kitinda. Kilikuwa kinanijia taratibu kinipe mkono, kinitoe nje salama kama zamani. Nikasimama, chai ikanimwagikia suruali, nikasema, "Napinga."

Unajua kilichotokea? Walingoja. Walikuwa wanangoja mzaha umalizike. Kaka alikuwa ameshaanza kutabasamu, akasema, "Haya, malizia." Nimeishi miaka hamsini na miwili, na ndugu zangu hawajui kwamba naweza kusema neno lisilokuwa na mkia wa kuchekesha. Nikawaambia hakuna cha kumalizia. Nikawaeleza Jumamosi ile, wembe, cherehani, mkono wa Baba juu ya wangu. Nikawaambia na habari ya kuku.

Ukimya nilioukimbia ukaja. Ulikuwa mbaya kama nilivyoudhania, na haukuniua.

Kaka Mkubwa alivua kofia akaiweka gotini. Nilijua atafoka. Hakufoka.

"Baba alikwambia wewe?"

"Mimi."

"Na siku ile ulikuwepo hapa."

"Nilikuwa pale mlangoni."

"Nakumbuka. Ule wa kuku." Akaigeuza kofia ndani nje. "Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote."

Kisha akasema jambo ambalo tangu siku ile naamka nalo. Akasema, "Ungeniambia, ningempa. Vyumba viwili tu! Ningempa siku ileile. Mimi mkali, sawa, lakini neno la Baba nimelivunja lini?" Na kweli, hajawahi. Akasema yeye alipokuona unaondoka bila kuaga alidhani umetukataa sisi, umeona nyumba haina faida tena baada ya mzee kufa. Ndiyo maana hakukutafuta. Alikuwa amekununia miaka tisa kwa kosa langu, na wewe, nadhani, umemnunia yeye kwa kosa langu hilohilo. Mmenuniana ninyi wawili, na mimi katikati nachekesha watu.

Mama alikuwa mkekani muda wote. Alipoinuka alijishika goti, akasema, "Kumbe mwanangu alitolewa humu kwa kicheko." Akaenda zake vyumba vya nyuma. Siku nne hakunisemesha. Ya tano akaniuliza kama nimekula, nikasema bado ingawa nilikuwa nimekula, nikala tena.

Ningependa kuishia hapo, nionekane nimetubu vizuri. Lakini lipo jingine, na afadhali ulisikie kwangu. Cherehani yako haipo. Iliuzwa mwaka wa pili, walipokuwa wanasogeza saruji, kwa fundi mmoja ambaye naye amehama. Kaka aliniita nisaidie kuitoa, kwa vile ni nzito. Mimi ndiye niliyeshika upande wa gurudumu mpaka kwenye gari. Njiani nikamwambia Kaka inanikanyaga vidole kwa hasira ya mwenyewe. Tulicheka hapo pia. Tangu Jumapili ile nimemtafuta yule fundi mitaa mitatu, nimekwenda hata kule nyuma ya soko la mitumba wanakokaa mafundi wote, nikiuliza habari za cherehani nyeusi yenye ufa kwenye meza. Wananionyesha nyeusi nyingi. Ufa wake siuoni.

Chumba kimoja sakafu imepasuka kwa uzito wa saruji. Kile kingine ni kizima. Ukutani bado kuna vipimo ulivyokuwa unaandika kwa penseli, viuno vya nusu ya mtaa. Kipo na cha wifi yako kabla hajamzaa wa mwisho. Amekisoma, akatoka nje.

Tulikubaliana hivi, na Baba Mdogo akataka iandikwe. Vyumba viwili vya nyuma ni vyako. Ukitaka vibaki, nyumba ya mbele itauzwa peke yake na ukuta utajengwa. Kaka amesema atausimamia mwenyewe, mgongo upende usipende. Ukitaka vyote viuzwe pamoja, sehemu yako itakuwa yako. Ukitaka nyumba isiuzwe kabisa, sema, tutarudi kukaa. Na ukitaka kutupeleka mbele ya hakimu, nimekuwekea humu ndani maelezo yangu, kurasa mbili, kila nilichokiona na kila nilichokinyamazia, nimetia sahihi. Kaka naye ametia sahihi, Baba Mdogo ameweka dole gumba. Yatumie utakavyo, hata dhidi yangu. Nitakuja kusimama popote utakaponiita.

Mnunuzi amesema atangoja mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nilimuuliza Kaka, na kama jibu lako halijafika? Akanijibu kwa ukali wake wa siku zote kwamba mnunuzi ataondoka basi, kwa sababu nyumba hii imeshauzwa mara moja kwa kunyamaza kwa watu na haitauzwa hivyo mara ya pili.

Zile kadi nilijaza moja, kwa ile "Napinga" yangu ya sebuleni, nikampelekea Bibi Nukta. Akaisoma amesimama. Akasema sentensi ni nzuri lakini haingii kwenye kamusi, kwa kuwa ina mwenyewe na mwenyewe hajaisikia. Ndiyo iliyonikalisha kuandika. Mfano tuliouweka nimeuokota duka la rangi hapo chini, mteja alipinga bei mpaka akasahau alichokuja kununua. Wamepitisha bila kugonga.

Sitakuomba unisamehe kwenye karatasi hii. Nilikuwa nimeliandika hilo mahali fulani juu, nikalifuta, ukitazama kwenye mwanga utaona. Nimeona ni kama kukupa kazi nyingine tena juu ya ile niliyokupa. Nilichotaka ni ujue kwamba ulikuwa na haki, kwamba Baba hakukusahau, na kwamba sasa wanajua wote.

Watu wa huku wanakusalimu. Wifi yako anakusalimu sana na anasema kiuno kile si chake tena, ukija upime upya. Mke wa Kaka anakusalimu, anaogopa kusema zaidi. Wanangu watatu wanamsalimu shangazi yao na binamu zao wasiowajua. Baba Mdogo anakusalimu kwa sauti kubwa sana, kwa kuwa hajisikii. Mama anasema ule, uvae soksi, na usimjibu mtu yeyote kwa hasira. Wabusu watoto. Mpe Shemeji mkono kwa niaba yangu. Mungu awafunike ninyi nyote nyumbani mwenu, na mlango wenu usikose wa kuubisha kwa heri.

Jambo la mwisho. Kaka Mkubwa hajui kuandika barua, na maishani mwake hajawahi kuanza kuomba radhi, amezoea kuombwa. Alichukua namba yako kwa Mama siku ileile ya kikao. Mke wake ananiambia kila jioni akitoka kuoga hukaa barazani, huipiga, husikia mlio wa kwanza, kisha hukata na kusema mtandao mbaya. Kwa hiyo ikiwa siku hizi kuna namba usiyoijua inayolia mara moja tu jioni na kunyamaza, ni yeye. Mpokee upesi kabla hajakata.

Nduguyo akupendaye, aliyekawia,

Kasuku